Rasimu za Bandia

Darasa la sita lilimdanganya mwalimu wake muhula mzima, na aliyelionyesha njia ni msichana ambaye hata hakuwa mwongo. Alikuwa na shaka tu.

Shuleni walimwita Bi Shaka. Jina lilitoka kwa bibi yake, aliyechoka kumwona mjukuu akinusa maziwa yaliyochemshwa mbele ya macho yake mwenyewe. Ukimwambia kesho hakuna shule, anauliza nani kasema. Ukimpa peremende, anaigeuza kwanza aone kama karatasi yake ilishawahi kufunguliwa. Kila asubuhi, kabla ya kukaa, alipitisha kiganja juu ya benchi kutafuta vibanzi, halafu akapitisha na upande wa kushoto anapokaa Kobe, kwa sababu Kobe hakuwa mtu wa kuangalia anapokalia.

Kobe naye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahauliwa. Aliitwa hivyo kwa ajili ya mwendo wa kalamu yake. Wenzake wakifunga madaftari, yeye ndiyo kwanza anafuta mstari wa pili. Alilelewa na shangazi yake, mpiga pasi wa nguo za watu, na jambo lililowachekesha watoto ni kwamba shati la mtoto wa mpiga pasi lilikuwa na mikunjo kuliko mashati yote darasani. Hata Bi Shaka, aliyekuwa rafiki yake tangu darasa la pili, alikuwa akilitania. "Shati lako limelala na nani leo?" humwuliza, na Kobe hucheka kidogo, kichwa kimeinama.

Shule ile ilikuwa na sheria moja ya insha, kongwe kuliko ubao wenyewe: karatasi iwe safi. Ukikata neno, na wewe unakatwa alama. Matokeo yake watoto walijifunza kuandika yale tu wasiyoweza kuyakosea. Kila wiki jua lilichomoza katika insha zote kwa wakati mmoja, ndege wakaimba, umande ukameremeta, na wahenga wakanena. Karatasi ya Bi Shaka ilikuwa imenyooka kama shuka la hospitali, na alama zake zilikuwa za juu siku zote. Karatasi ya Kobe ilikuwa kama uwanja uliochakurwa na kuku, na alama zake hakuna aliyeziuliza.

Jumatatu moja, mwanzoni mwa muhula, mwalimu wa insha aliingia darasani akiwa na mgeni. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, mkali wa macho lakini si wa mkono, na kalamu yake nyekundu haikutoka mfukoni isipokuwa kwenda kazini. Mgeni alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliwaambia watoto kwamba yeye ni mratibu wa masomo, na kwamba amewaletea mwalimu wao kijitabu. Akakiinua. Kilikuwa chembamba, jalada la kijani, na kilieleza imani potofu ambazo walimu wengi wanazo kuhusu kufundisha kuandika. Shule yao na nyingine chache zimechaguliwa kukijaribu. Mwisho wa muhula kila mwalimu atasema wazi kama kijitabu kinafaa au hakifai, na kwa maneno yao ndipo itaamuliwa kama kitapelekwa katika shule nyingine za upande ule.

Mwalimu hakuficha lake. Alisema mbele ya mgeni wake, "Kijitabu hiki kinaniambia kwamba mengi niliyoyafanya miaka yote hii ni imani potofu. Mimi sijakubali. Lakini kiatu hakihukumiwi kikiwa dukani. Tutakivaa, tuone kinabana wapi."

Mratibu alitabasamu, akasema ni hilo tu analolitaka.

Kisha mwalimu akawasomea. Kijitabu kilisema ni imani potofu kudhani kuwa kuandika ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kwamba mwenye nacho anacho na asiye nacho basi tena. Kilisema ni imani potofu kudhani kwamba mwandishi mzuri hupatia mara ya kwanza. Kilisema pia kwamba si lazima mwalimu asahihishe kila kosa kwa wino mwekundu, na hapo mwalimu alisita, akaigusa kalamu yake mfukoni kama mtu anayeagana na ndugu.

Basi ikatoka amri mpya. Kuanzia wiki ile kila mwanafunzi ataleta karatasi mbili. Ya kwanza ni rasimu: jaribio la mwanzo, lenye kukatwa, kufutwa, kuhamishwa, na yote ya kuhangaika. Hiyo haina alama. Ya pili ni insha yenyewe, iliyotoka katika kuhangaika huko.

"Nataka kuona makosa yenu," alisema mwalimu.

Hapo ndipo Bi Shaka aliposimamisha masikio.

Wakati wa mapumziko watoto walimzunguka penye bomba la maji, kwa sababu walimzoea: kama kuna jambo limejificha, Bi Shaka atalifukua. Naye hakuwaangusha. Aliwauliza kama wamesahau mwaka uliopita. Mwaka uliopita walipewa jaribio dogo, wakaambiwa halina alama, waandike tu bila hofu. Wakaandika bila hofu. Wiki iliyofuata watoto watatu waliitwa ofisini na mabegi yao, wakarudishwa darasa la nyuma. Mmoja wao mpaka leo huzunguka nyuma ya vyoo ili asikutane na wenzake wa zamani.

"Mtu mzima hakuombi makosa yako ili ayafanyie mto wa kulalia," alisema. "Ana kazi nayo."

Hakuna aliyembishia. Kwa kweli hakuwa amesema uongo; yale ya mwaka uliopita yalitokea. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na darasa zima lilikuwa limeshaumwa.

Dawa aliyowapa ilikuwa rahisi. Kila mtu aandike insha yake safi kwanza, kama kawaida, jua na ndege zake. Akimaliza, achukue karatasi nyingine, ainakili ileile, ila sasa atie makosa madogo madogo na kuyakata. Neno moja hapa, herufi pale. Abadilishe kalamu katikati ili ionekane aliiacha akairudia. Aikunjekunje. Akitaka kupendezesha, adondoshee chai. Mwalimu atapata uchafu anaoutaka, na uchafu huo hautamwambia chochote.

Watoto walicheka hadi maji yakawatoka puani. Mmoja aliuliza kama anaweza kutumia maharage badala ya chai.

Kobe peke yake hakucheka. Alikuwa akiosha kalamu yake bombani, taratibu kama afanyavyo yote. "Mimi sina haja ya kutengeneza uchafu," alisema. "Ninao wa kutosha nyumbani."

Wiki zikaenda. Kila Ijumaa rundo la karatasi lilipanda juu ya meza ya mwalimu, safi kwa chafu, na kila Jumatatu lilirudi. Mwalimu alitimiza ahadi yake: rasimu hazikupewa alama, hakuna aliyeitwa ofisini. Jambo hilo lingemtuliza mtu mwingine. Bi Shaka lilimzidishia wasiwasi. Alisema mtego mzuri ndio unaochelewa kufyatuka. Akawa bingwa wa rasimu za bandia. Wengine walimletea zao azikague, naye aliwarudishia zile zilizokatwa kwa mstari ulionyooka mno, akisema kichwa kilichohangaika hakikati kwa rula.

Katikati ya muhula insha ilikuwa kuhusu mtu wa nyumbani. Jumatatu mwalimu alirudisha karatasi zote isipokuwa moja. Hiyo alisimama nayo mbele ya darasa, akaisoma.

Ilieleza mwanamke anayepiga pasi ya mkaa. Ilieleza anavyolowesha kidole na kugusa chuma, haraka, asikilize kinavyolia, na kwa mlio huo anajua kama ni joto la kitani au la hariri. Ilieleza mashati ya watu yanavyoning'inia ukutani kama wageni waliokuja kusalimia, na mtoto anayelala chini yao haruhusiwi kuyagusa. Halafu ikasema: "Shati langu hupigwa pasi mwisho kabisa, baada ya mashati ya watu wote. Wakati huo mkaa umekuwa majivu. Ndiyo maana shati langu lina mikunjo. Si kwamba hanijali. Ni kwamba moto wote ameshawapa wanaolipa."

Bi Shaka aligeuka akalitazama shati lililokuwa kushoto kwake, akahisi uso wake umepata moto. Mwalimu alisema jina la mwandishi, jina lile lililosahauliwa, na watoto wakachukua muda kuelewa kuwa ni Kobe.

Hapo Bi Shaka angeweza kuona haya, akanyamaza. Lakini shaka ni kama mbwa wa mlinzi: ukimzoesha kubweka usiku, atabweka na mchana kwa mwenye nyumba. Kobe? Kobe wa mistari miwili? Wiki iliyopita tu alikuwa akiandika hadithi ya Sungura isiyo na kichwa wala miguu. Kabla hajalifikiria vizuri neno lilikuwa limeshatoka, tena kwa sauti iliyosikika hadi dirishani.

"Nani kakuandikia?"

Kobe alimtazama. Alichukua karatasi yake kwa mwalimu, akaikunja, akaiweka katikati ya daftari, na siku hiyo hakusema tena neno na mtu.

Neno hilo halikufa. Lilizunguka shuleni, likafika ofisi ya walimu, likakaa.

Mwisho wa muhula mratibu alirudi, akaketi na mwalimu katika chumba cha vitabu, rasimu zote zikiwa zimetandazwa mezani. Walizipitia kwa haki, kama walivyoahidiana. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Watoto wote walikuwa wameandika rasimu, lakini insha zao zilikuwa zilezile za mwaka jana. Jua lilikuwa bado linachomoza. Rasimu na nakala safi zilifanana kama mapacha. Mwalimu alihitimisha kwamba kuandika mara mbili hakumsaidii mtoto, bali kunampotezea karatasi, na kwamba kijitabu hakifai.

Ila kulikuwa na mmoja. Mtoto mmoja tu alikuwa amepanda kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Nao wakageuza rasimu zake, wakaona kitu kilichowafanya watazamane: rasimu za Kobe hazikufanana na insha zake hata kidogo. Ya ile insha ya pasi ilianza kwa kusema shangazi yake ni mtu mzuri sana na anampenda sana. Basi. Hakukuwa na pasi. Hakukuwa na mkaa. Iliyobaki ilikuwa imekatwa karibu yote. Walipoilinganisha na rasimu za wenzake, zilizokuwa zimetulia, hii ndiyo iliyoonekana ya mashaka. Nalo lile swali la darasani wote wawili walikuwa wameshalisikia.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, lakini safari hii aliingia asiyekuwemo peke yake.

Kobe aliitwa ofisini, na shangazi yake akaitwa pia. Bi Shaka alijua kwa sababu alitumwa kupeleka chaki, akakuta mlango umeachwa wazi. Shangazi alikuwa amesimama, mikono yake yenye makovu ya moto imefungana mbele ya gauni. Mwalimu mkuu, mtu mfupi aliyependa kusoma kanuni kuliko kusoma watu, alikuwa akieleza kwamba anayeleta kazi ya mtu mwingine hurudia darasa. Akamwuliza mama huyo kama yeye ndiye aliyemsaidia mtoto.

"Mimi, Mwalimu, hata jina langu nikiliona ukutani nalipita," alisema shangazi. "Nimsaidie kwa lipi?"

"Basi jirani," alisema mwalimu mkuu.

Kobe alikuwa ameegemea kabati. Mwalimu wa insha alimwuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Rasimu za wenzako zinafanana na nakala zao. Yako haifanani. Niambie tu, nakala hii ilitoka wapi?"

"Ilitoka humo," alisema Kobe, akionyesha karatasi iliyochakurwa.

Hakuna aliyemwamini. Wakampa hadi Alhamisi aseme ukweli, la sivyo mwakani atabaki darasa la sita.

Bi Shaka aliiweka chaki chini, akaondoka bila kugonga mlango. Alitaka sana kumshuku mtu. Alijaribu kumshuku mwalimu mkuu, mratibu, hata jirani wa Kobe asiyemjua. Kila alipomaliza kumshuku mtu, alijikuta bombani, amesimama katikati ya wenzake, anawafundisha kudondosha chai.

Mchana ule hakwenda nyumbani. Alikwenda zahanati, ambako mama yake hugawa dawa kupitia kidirisha kidogo chenye nondo. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akangoja foleni iishe. Mama yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwona, akaendelea kuhesabu vidonge, na foleni ilipokwisha akamwita ndani.

Bi Shaka alianza mbali. Aliuliza, hivi mgonjwa akimwonyesha daktari kidonda cha kuchora, inakuwaje?

"Anapewa dawa ya kidonda asicho nacho," alisema mama. "Na kile alichonacho kinaoza. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu tangu nikuzae."

Basi akasema yote. Bombani, chai, kalamu mbili, "nani kakuandikia." Mama alisikiliza huku akifunga vifuniko vya chupa, kimoja baada ya kingine, bila kuinua uso. Bi Shaka alipomaliza, alieleza na sababu yake: kwamba aliogopa, kwamba mwaka uliopita walidanganywa kweli.

Mama alikubali kwamba walidanganywa. Alisema hata yeye angeogopa. Halafu akauliza jambo moja. Katika hao wote walioogopa, ni nani atakayerudia darasa?

Mama alimpa kitambaa, akamwambia ajifute, kisha asimame, kwa sababu benchi lile ni la wagonjwa.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa mwalimu wa insha kabla ya kengele. Hakuwa na maneno mazuri. Alisema rasimu zote ni za uongo ila za Kobe, na kwamba yeye ndiye aliyewafundisha. Kwa mara ya kwanza Bi Shaka akaonja yale aliyokuwa akiwaonjesha wengine: hakuaminiwa. Mwalimu aliuliza kama anasema hivyo ili kumwokoa rafiki yake. Ingekuwa yeye, angeuliza vilevile.

"Nitajuaje?" alisema mwalimu.

Alikuwa ameshalifikiria hilo njiani. Alimwomba achukue rasimu yoyote, ya mtu yeyote isipokuwa Kobe, aangalie kama kuna mahali mtu amebadilisha wazo. Si neno. Wazo. Mwalimu alizitandaza. Akageuza moja, akageuza nyingine. Kote maneno yalikuwa yamekatwa, na pembeni neno lilelile limeandikwa sawasawa. Hakuna aliyefuta sentensi nzima. Hakuna aliyeanza upya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika jambo, akagundua kwamba silo alilotaka kusema. Mwalimu aliinua karatasi moja puani.

"Hii ni chai?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hiyo nyingine ni maharage."

Mwalimu alikaa chini. Alisema maneno ya mtoto si ushahidi bado, wala hayo ya maharage, na kwamba safari hii hatahukumu haraka kama alivyohukumu jana. Kama kuna jambo la kupima, litapimwa mbele ya macho ya watu.

Akamwita mratibu. Alhamisi hiyo darasa la sita lilinyang'anywa kila kitu isipokuwa kalamu na karatasi tupu, wakaambiwa wataandika hapohapo, rasimu na insha, mwalimu na mratibu wakipita kati ya madawati. Mratibu ndiye aliyetoa kichwa cha insha, ili mtu asije akasema kilivuja. Aliandika ubaoni neno moja: Foleni.

Mkono wa Bi Shaka ulianza wenyewe: "Jua lilikuwa limechomoza na ndege." Ukasimama. Kalamu ilisimama juu ya karatasi ile safi, iliyonyooka, na kwa mara ya kwanza akaiona jinsi ilivyokuwa tupu. Alitaka kukata. Vidole vilikataa, vilikuwa vimefundishwa vizuri mno. Alitazama kushoto. Kobe alikuwa ameshaandika nusu ukurasa, akaukata wote kwa mstari mmoja mkubwa, bila huzuni, kama mtu anayetupa maji machafu, akaanza tena. Mratibu alikuwa amesimama nyuma yake, miwani machoni, hatikisiki.

Bi Shaka alilikata jua lake. Akawakata na ndege. Akaandika kuhusu benchi la zahanati, na mzee mmoja aliyempisha mama mwenye mtoto mara mbili halafu akajifanya alikuwa anajinyoosha tu. Aliandika vibaya. Akakata, akaandika tena. Kengele ilipolia hakuwa amefika mwisho, na karatasi yake ilikuwa kama uwanja wa kuku.

Kobe alimaliza wa mwisho. Insha yake ilihusu foleni ya maji mtaani kwao, na jinsi ndoo zinavyoachwa kushika nafasi za wenyewe, hadi ukizizoea unamjua mtu kwa ndoo yake, na ndoo ya mtu aliyehama inavyoendelea kusogezwa na majirani kwa siku kadhaa kwa mazoea. Mratibu alikuwa ameiona ikizaliwa tangu neno la kwanza baya. Hakuwa na swali tena.

Mwalimu alisimama mbele ya darasa. Hakuchukua fimbo, wala hakupaza sauti.

"Nilikishuku kijitabu hiki," alisema, "na nyinyi mkanishuku mimi. Kushuku si dhambi. Mtu asiyeshuku hununua mbuzi kwenye gunia. Lakini ukikishuku kitu, kipime kwa mizani ya kweli. Nyinyi mlikipima kwa uongo, na mizani ya uongo ikatoa jibu la uongo, nami nikalibeba jibu hilo nikampiga nalo mtoto pekee aliyekuwa mkweli. Hapo kosa ni langu pia. Niliona karatasi inayohangaika nikaiita ya wizi, nikaona zilizotulia nikaziita za kweli."

Akasema rasimu haitamrudisha mtu darasa la nyuma kamwe akiwa yeye hapo, na kwamba lile jaribio la mwaka uliopita halikuwa haki, naye alipaswa kulisema siku ileile. Kisha akamgeukia Bi Shaka. "Kosa unaloficha hakuna wa kukusaidia kulirekebisha. Na kosa unalobuni ni baya zaidi, maana unamtuma anayekusaidia njia ya porini."

Kuhusu kijitabu, alimwambia mratibu ukweli wake mbele ya wote. Kwamba anaamini sasa kuwa hakuna apatiaye mara ya kwanza, kwa sababu ameona kwa macho yake. Kwamba juu ya wino mwekundu bado ana shaka zake. Lakini hawezi kusema kinafaa wala hakifai, kwa kuwa kazi aliyoipima muhula mzima haikuwa kazi ya kweli. Mratibu alifunga begi lake taratibu. Alisema basi itabidi kuanza upya, na shule nyingine zingoje mwaka mwingine.

Jioni mwalimu alikwenda kwa miguu hadi kibandani kwa shangazi yake Kobe, akamwomba radhi akiwa amesimama, kofia mkononi. Bi Shaka naye alimwomba Kobe radhi. Kobe alisema sawa. Alisema hivyo bila hasira, kama alivyokata ule ukurasa.

Hii ndiyo hesabu ya uongo ule. Muhula mmoja wa darasa zima, ambao hakuna aliyejifunza kuandika isipokuwa mmoja. Shule nyingine za upande ule, ambazo watoto wake walibaki mwaka mwingine wakikatwa alama kwa kila neno lililokatwa. Asubuhi nzima ya shangazi mbali na pasi yake, na mteja mmoja aliyekuta nguo hazijanyooshwa, akazichukua, hakurudi. Na kushoto kwa Bi Shaka, pale alipokuwa akipitisha kiganja kila asubuhi kutafuta vibanzi, nafasi tupu. Kobe aliomba kuhamia dirishani, na mwalimu akamruhusu.